Shemeji VAR na Uwanja wa Mahindi

Ndugu mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayesoma mtaala huu mpya, sogea karibu tuliwazane. Kazi ya mradi hupewa mtoto, jasho likakutoka wewe. Nyumba hii imeshatengeneza sanamu ya kufukuza ndege, ikavishwa suruali yangu ya kanisani, na mpaka leo bado imeivaa. Ndege wameizoea, sasa wanatua begani.

Muhula huu mwalimu alikuja na jipya. Watoto wa gredi ya sita waandike historia ya ligi kuu ya kandanda nchini, kisha watengeneze mfano wa uwanja mmoja kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Kazi ilitolewa mapema. Mwanangu aliikumbuka Jumamosi baada ya chamcha, na ilitakiwa Jumatatu asubuhi.

Nikujulishe wachezaji kwanza. Mke wangu ni nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, lakini humu ndani tunamwita Fifa. Jina alilipata Februari 2022, Fifa wenyewe walipoifungia Kenya kwa sababu serikali imeingilia mambo ya shirikisho. Siku hizo mimi nami nilikuwa nimeingilia bajeti ya jikoni, nikafungiwa vilevile. Kenya ilifunguliwa Novemba. Mimi ningali natumikia, kwa masharti.

Kifungua mimba yuko kidato cha tatu, tunamwita Wakili, kwani hajawahi kukubali jambo bila ushahidi. Mwenye mradi ni Kadenge, ambaye mpira humtoka mguuni anapolala tu. Kitinda mimba ni Kamishna wa Mechi: hachezi, hashangilii, anatazama tu na baadaye kupeleka ripoti kwa mama yake. Boma la nyuma anakaa mama yangu, Kukhu, pamoja na jogoo wake Fahali. Kukhu ni mzaliwa wa Khayega, kwa watu wanaopiganisha mafahali, akaona si haki kuku wake akose heshima hiyo.

Halafu yuko Shemeji VAR. Huyu ni kaka ya Fifa, fundi wa friji kule Kisumu. Wakati wa tukio huwa hayupo. Huja baadaye, akaangalia kila kitu upya, akatoa uamuzi, na uamuzi wake haujawahi kunifaa mimi. Alikuja kwetu kwa wikendi, na wikendi hiyo ilikuwa haijaisha.

Sasa wewe piga hesabu. Mimi nimezaliwa Ingwe, yaani AFC Leopards. Yeye ni K'Ogalo, yaani Gor Mahia, mpaka kwenye soksi. Mechi ya hao wawili Wakenya waliipa jina la Mashemeji, na waliolipachika bila shaka walikuwa wamepita hapa kwangu wakachungulia dirishani.

Vita vya kwanza vilikuwa vya uwanja. Shemeji alitaka Kasarani. Nilijua kwa nini, nikajaribu kumzuia, lakini alikuwa ameshafika 1987: Gor Mahia na Espérance ya Tunisia, fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 Kasarani, na kombe likabaki Nairobi kwa mabao ya ugenini. Peter Dawo alitajwa kwa sauti ambayo watu wengine huwatengea watakatifu. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la bara, na jambo hilo hukumbushwa kila ninapomwomba chumvi.

Mimi nilipendekeza uwanja wa City, Nairobi, ambako marehemu baba yangu alikuwa akisafiri usiku kucha kwenda kuwaona Abaluhya, jina la zamani la Ingwe. Kukhu akasema safari moja kati ya hizo ndiyo iliyomla mbuzi wake. Nikauliza mbuzi gani, nikaelezwa mbuzi huyo, mama yake, na jirani aliyemnunua. Tulipotoka huko jioni ilikuwa inanukia.

Kadenge akakata shauri mwenyewe: Bukhungu. Uwanja ni wetu, uko hapa mjini Kakamega, na Desemba 2017 nilimbeba mabegani tukaenda kuona Harambee Stars wakifungua Kombe la CECAFA kwa kuichapa Rwanda 2-0. Stars waliishia kulichukua kombe hilo Machakos, kwa penalti, dhidi ya Zanzibar. Yeye kilichomkaa kichwani ni njugu. Lakini tangu siku hiyo Bukhungu ni kwake, na timu yake ni Kakamega Homeboyz. Nimemlea kwa jezi ya bluu na nyeupe, nimemsimulia, nimemwombea. Ikawa kazi bure.

Tukaanza ujenzi. Katoni ya friji ilitoka kwa Shemeji, kwa hiyo akajitangaza mkandarasi. Nyasi tulitengeneza kwa unga wa mbao tuliouomba kwa seremala, tukautia rangi ya kijani. Nyavu za goli zilikuwa mfuko wa vitunguu, na gundi ilikuwa uji mzito wa unga ambao Fifa alitupimia kwa kijiko huku akihesabu kwa sauti. Majukwaa tuligawana. Shemeji akajenga la kwake kwa vizibo vya soda alivyovipaka rangi ya mabati, kijani kibichi. Mimi nikajenga la kwangu kwa punje za mahindi meupe, nusu nikizichovya kwenye bluu ya kufulia, moja baada ya moja, zikakaa kwa safu. Fundi wa saa asingenishinda.

Huku gundi inashika, Wakili akawa mwandishi wa historia. Akaanza na 1963, mwaka wa Uhuru na mwaka wa kwanza wa ligi: mabingwa Nakuru All Stars. Hapo tulipatana vizuri, kwa kuwa hakuna wa Nakuru kati yetu. Mwaka 1964, Luo Union. Shemeji akasimama akazunguka meza. Mwaka 1965, Feisal ya Mombasa. Amani. Mwaka 1966, Abaluhya, klabu iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu. Nikasimama mimi.

"Mkizunguka meza kila mwaka," akasema Wakili, "mradi utafika shuleni nikiwa chuo kikuu."

Tukaketi. Lakini ilipofika 1968, Luo Union na Luo Stars walipoungana ikazaliwa Gor Mahia, na mtoto huyo akatwaa ubingwa mwaka uo huo, Shemeji hakuweza kuketi. Nikamkumbusha kwamba timu yake ilipewa jina la mganga mashuhuri wa Kijaluo wa zamani, kwa hiyo ushindi wake una maswali. Akajibu kwamba mganga alikuwa wetu sote, wenzake tulikosa tu kumlipa.

Kukhu, aliyekuwa akichambua mboga za mrenda mlangoni, akauliza kama Joe Kadenge ameandikwa. Hapo hata Shemeji alitulia. Kadenge wa Vihiga hana shemeji wala mpinzani. Redio ilipotangaza "Kadenge na mpira", marehemu baba alikuwa akiacha jembe shambani likiwa limesimama wima ardhini. Nchi nzima ilijua jina lake, na uzeeni akaendesha teksi Nairobi. Alifariki Julai 2019. Kukhu alisema alizungumza na baba kuhusu mtu huyo zaidi kuliko walivyozungumza kuhusu mahari. Wakili akaandika Kadenge, bila mahari.

Kisha ikaja miaka ya themanini, na hapo, ndugu yangu, nilikuwa nimejiandaa. Mwaka 1980 Abaluhya ilikuwa imebadilisha jina kuwa AFC Leopards, serikali ilipokataza majina ya kikabila. Jina jipya, makucha yale yale: Ingwe ikachukua ligi 1980, 1981 na 1982. Gor ikachukua tatu zilizofuata. Ingwe 1986, Gor 1987, Ingwe 1988 na 1989. Miaka kumi kamili kombe halikutoka kwenye nyumba hizo mbili. "Sita kwa nne!" nikapiga meza. Goli la kaskazini likaanguka.

Fifa akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Miaka kumi mmepokezana kikombe," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekiosha."

Furaha yangu haikuishi sana. VAR aliomba karatasi, akafuata kwa kidole: 1992, halafu 1998. Akaendelea na kidole mpaka mwisho wa karatasi, akageuza upande wa pili, akatafuta na huko. Tangu 1998 Ingwe haijachukua ligi, na katikati tumeonja hata daraja la chini. Nikajitetea kwa ukame wao, kutoka 1995 hadi 2013. Akakubali, kisha akanihesabia walivyonywa maji baada ya hapo, pamoja na 2015, mwaka waliomaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja, mpaka akafika taji la 21 mwaka 2024.

Lakini Wakili alitutuliza wote kwa miaka ile ambayo sisi wakubwa hujifanya haikuwepo. Tulipokuwa tunatazamana kwa hasira, kombe lilikwenda kwa Utalii, likaenda kwa wafanyakazi wa shamba la maua, Oserian, mara mbili mfululizo, wanajeshi wa Ulinzi wakalichukua mara nne, SoNy Sugar wakalipeleka kwenye miwa ya Awendo 2006, Mathare United 2008, na 2009 Sofapaka wakapanda daraja na kulibeba msimu wao wa kwanza. Tusker nao, zamani Breweries, hawajawahi kukaa mbali na kabati. Na 2025 wakalichukua Polisi.

"Kwa hiyo mkigombana tena," akasema, "hakuna wa kumwita."

Kadenge yeye alitaka ukurasa mzima kwa mwaka mmoja tu, 2022. Homeboyz na Tusker walifika siku ya mwisho ya ligi, wakamaliza na pointi sawa, Tusker wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Mtoto alilia mpaka akalala na viatu. Mwaka uliofuata Homeboyz walijipoza kwa kombe la shirikisho, lakini jeraha la tofauti ya mabao halina plasta. Shemeji alimshika bega akamwambia hayo ndiyo mapenzi ya timu, na nilitamani sana kumchukia wakati huo, nikashindwa.

Jumapili tukautoa uwanja barazani ukauke. Wewe wa mbali huenda hujui mvua ya Kakamega. Saa tisa inaingia, na haibishi hodi. Tulikimbia na Bukhungu mikononi, mimi na Shemeji, kila mmoja amebeba jukwaa la mwenzake. Tukauweka jikoni karibu na jiko upate joto, tukala, tukalala tukiwa marafiki.

Alfajiri niliamshwa na kimya cha Fahali. Jogoo huyo huwika mapema kuliko muadhini, na asubuhi hiyo hakuwika. Nilimkuta katikati ya duara la uwanja, tumbo limejaa, anaangalia goli. Jukwaa la mahindi lilikuwa limeliwa lote, safu kwa safu, bluu kwa nyeupe. Jukwaa la vizibo lilikuwa halijaguswa. Kijani kilimetameta.

Kikao kiliitishwa hapo hapo. Kamishna alisoma ripoti yake: mlango wa jikoni ulifunguliwa usiku na mtu aliyetoka kupiga simu. Mimi sina mtu wa kumpigia usiku. Nikamtazama Shemeji. Shemeji akaomba muda wa kuangalia tukio upya.

"Shemeji," akasema baada ya kutafakari, "mlango ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi."

Nilipendekeza Fahali aingie kwenye sufuria, maana mgeni hajachinjiwa kuku tangu afike na ni aibu kwa Mluhya. Kukhu alisema jogoo wake hawezi kuuawa kwa kosa la kula chakula cha kuku. Fifa akaridhia rufaa hiyo, na mimi nikapigwa faini ya kilo mbili za nyama ya ng'ombe.

Uwanja uliwahishwa shuleni ulivyo. Mlangoni Kadenge alichukua kalamu akaandika kibao kidogo, akakichomeka palipokuwa jukwaa langu: UWANJA WA BUKHUNGU. UJENZI UNAENDELEA. Mtu yeyote aliyeona jinsi ukarabati wa uwanja wetu ulivyosonga kwa awamu, tangu enzi za gavana Oparanya, hawezi kumlaumu mtoto kwa ukweli huo. Mwalimu alicheka, akampa alama ya juu kabisa, kuzidisha matarajio, na akasifu hasa upande wa vizibo kwa uimara.

Shemeji VAR ameomba nakala ya ripoti ya mwalimu aipeleke Kisumu. Atakwenda nayo mwenyewe, anasema, mara tu atakapopata nafasi. Kwa sasa ana shughuli, kwa kuwa mradi wa muhula ujao umeshatangazwa: kila mtoto afuge kuku na kuandika maendeleo yake. Kukhu amewakabidhi watoto vifaranga vya Fahali, Shemeji ameteuliwa mkandarasi wa banda, na mimi nimeombwa nichangie mahindi.