Namna ya Kuushukuru Mwili Huku Ukiudai Uwe Mwingine

Usianzie nyumbani. Nyumbani kuna kioo, na kioo hakina adabu. Anzia Maili Moja, hapa Kibaha, saa moja asubuhi, ukiwa na raba mpya zinazong'aa kuliko nia yako. Hutapiga hatua mia kabla hujakutana na mtu ambaye mwili wako ni mali yake pia. Ukiwa umeongezeka atakupokea kwa furaha: "Umenenepa! Hongera, maisha yamekukubali." Ukiwa umepungua kilo mbili kwa jasho la miezi mitatu, mtu huyo huyo atakushika mkono na kushusha sauti: "Mbona umekwisha hivyo? Ulishaenda kupima?" Salamu zote mbili zina jibu moja, "Namshukuru Mungu." Basi, shukrani umeshaitoa na bado hujatoka Maili Moja.

Sasa tafuta mizani. Watu wa Kibaha hatuhitaji kufundishwa habari za mizani. Kwa miaka mingi malori ya Barabara ya Morogoro yalipimwa hapa, kabla kazi hiyo haijahamia Vigwaza, na kila aliyepita aliona jinsi jambo hili linavyofanywa na watu wenye akili. Lori limezidi. Hakuna anayeliita bonge, wala hakuna anayeliambia lijipende kama lilivyo. Linapimwa ekseli moja moja, kwa sababu laweza kuwa chini ya tani 56 zinazoruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki na bado likawa limeelemewa sehemu moja. Hapo dereva hupanga mzigo upya, akaondoka zake. Nimejaribu kumweleza mwalimu wangu wa mazoezi kwamba na mimi kwa jumla niko halali, kasoro ipo kwenye ekseli ya mbele tu. Alinitazama tumboni, akaniongezea dakika kumi za kuruka kamba.

Tena lori lilikuwa na haki ambayo sisi hatuna: asilimia 5. Lilikuwa linaruhusiwa kuzidi kiasi hicho bila tozo. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, alipoufuta msamaha huo, wenye malori waligoma, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na msamaha ukarudi. Nchi nzima ilielewa kwamba mzigo ni mzigo, lazima pawe na nafasi kidogo ya kupumulia. Kwa hiyo jiandikie asilimia 5 yako leo hii. Mwenye kilo 90 anapata kilo nne na nusu ambazo hazijadiliwi na shangazi, jirani wala kinyozi.

Washauri wa kwenye simu watakuambia uandike kila asubuhi mambo matatu unayoushukuru mwili wako. Andika, hakuna ubaya. Mimi niliandika. "Asante tumbo kwa kusaga wali wa jana, ila ungejificha kidogo." "Asante mikono kwa kubeba ndoo, ila hizo nyama uzembe zinamngoja nani?" "Asante magoti, ila." Hapo wino uliisha. Nilipoyasoma tena niliona nimeandika barua ya onyo kwa mfanyakazi aliyenitumikia zaidi ya miaka arobaini bila likizo.

Kisa cha ugomvi huu na mwili ni kirefu. Mwili wa Mtanzania ulifundishwa mazoezi kama adhabu ya kesi. Ulichelewa namba: kichurachura. Ulipiga kelele darasani: piga magoti, mikono juu. Hukufanya kazi ya nyumbani: zunguka uwanja mara tano. Waliopita JKT, na kambi ya Ruvu ipo wilaya hii hii, wanazo simulizi zao, na wote husimulia wakicheka huku mkono ukishika kiuno. Mchakamchaka peke yake ndio ulikuwa na nafuu, kwa sababu ulikuja na wimbo, na mtu anayeimba hana muda wa kujichukia. Mengine yote yalikuwa hukumu. Ndiyo maana mtu mzima, mwenye watoto na mkopo wa benki, akichuchumaa jimu uso wake unakuwa wa mtu anayekiri kosa. Mwili unauliza, nimefanya nini? Naye anaujibu bila huruma: jana ulikula chipsi mayai.

Jimu niliyoanzia sitaitaja. Mwalimu wa pale alikuwa akinihesabia kuchuchumaa, tukifika kumi na nane anaulizwa jambo na mtu mlangoni, anajibu, kisha anarudi kwangu na kusema, "Kumi na mbili." Mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa na ugonjwa huo huo wa hesabu.

Kama jimu imekushinda, jiunge na klabu ya jogingi. Fulana za rangi moja, filimbi, mtu wa kuanzisha wimbo, na daladala nyuma yenu inayopiga honi kwa uchungu. Serikali iko upande wenu: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Zinabaki Jumamosi tatu, mwezi mwingine nne, za kuushukuru mwili ukiwa umelala.

Na usijilinganishe na mtu. Agizo hili ni gumu hapa kuliko kwingine, maana ukikimbia kuelekea Mkuza unafika kwenye shule za Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza tangu mwanzo akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mimi dakika 3 na sekunde 32 hunikuta bado nafunga kamba ya kiatu cha pili.

Ukishazoea, nenda Kisarawe. Pita Gongo la Mboto, pita Pugu, shuka kwenye gari ungali chini na upande kwa miguu. Kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, kuna mapango yaliyobaki kwenye machimbo ya kaolini ambayo sasa ni makazi ya popo, na kuna vijana wa Dar waliokuja kupigwa picha wakiwa wamekaa juu ya mawe kama watu waliofika kwa miguu. Katikati ya mlima mama mwenye beseni la mihogo kichwani atakupita. Mwamkie. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Pole. Unaumwa?"

Kisarawe ni Uzaramoni, na huku suala la mwili lilikuwa na mwongozo wake kabla ya simu. Mwali aliwekwa ndani, akalishwa, akapakwa mafuta, na siku ya kutolewa ngoma zililia na watu wakaja kuitazama kazi iliyofanyika. Hakuna aliyemwambia apunguze. Sisemi turudi huko. Mwali naye hakuulizwa kama anataka kufungiwa. Ila nampenda yule mwenzake wa chumbani, mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwali alikiogesha na kukipaka mafuta kama mtoto. Mwana hiti ana kichwa, kiwiliwili, matiti na kitovu. Mikono hana, miguu hana. Nimemchunguza sana, na nina hakika ndiye peke yake Mkoa wa Pwani asiye na nyama uzembe.

Ukifika juu, kaa. Pumzi ikirudi, toa ile karatasi ya shukrani. Mimi siku ya kwanza niliandika, "Asante miguu, mmefika," nikatafuta "ila" ya kuweka mbele yake, sikuipata. Nikaikunja karatasi. Kisha nikakumbuka kwamba bado kuna kushuka.

Huko chini, kwenye benchi la muuza supu, mwili utadai chapati. Upe. Utadai ya pili. Upe pia, hiyo imo ndani ya asilimia 5. Ikija ya tatu usigombane nao mbele za watu: ikate katikati, nusu msukumie jirani yako wa benchi, na umwambie unapanga mzigo upya.