Barua Imefungwa, Umbeya Umebaki

Watengenezaji wa programu wana ugonjwa mmoja na mama mwenye nyumba wangu: hawawezi kuona kitu kimekaa vizuri mahali pake wasikihamishe.

Nilikuwa na K-9 yangu kwenye simu. Programu ya barua pepe ya Android, ya bure, chanzo wazi, ipo tangu 2008, na jina lake ni la mbwa wa chuma wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Sura ilikuwa mbaya, lakini ubaya wenyewe nilishauzoea. Ukiifungua, akaunti zote zimejipanga mbele yako: ya ofisi, ya kanisa, ya Muzee. Mwaka 2021 likaja toleo la kisasa, akaunti zikafichwa kwenye droo ya pembeni. Utelezeshe kidole. Kioo chenyewe kina ufa na vumbi la malori ya madini ya Kolwezi, Kongo, kidole kiteleze wapi? Juni 2022 mbwa akahamia kwa Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, na Oktoba 2024 ikatoka Thunderbird ya Android, yenye alama ya ndege wa buluu. Wenyewe wanaishi kwa michango, na mimi sijatoa hata franka moja, kwa hiyo malalamiko haya nayo ni ya bure.

Basi ningenyamaza, lakini Muzee, ambaye barua zake nazishika mimi, ni mfanyabiashara wa madini. Tangu Februari 2025, serikali ya Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, kila mtu mjini ana siri.

“Mwanangu, barua zangu zifungwe. Hii programu inafunga ao haifungi?”

Inafunga, Muzee, ila si yenyewe. Thunderbird ya kompyuta iliwekewa usimbaji wa OpenPGP, yaani kufunga barua kwa ufunguo, ndani yake tangu toleo la 78, mwaka 2020. Ya simu inakutuma ukatafute programu ya pili, OpenKeychain, nayo inataka mega zake. Humo unatengeneza funguo mbili: wa wazi unawagawia watu, wa siri unabaki nao. Simu ikiibwa na hukuweka nakala ya ule wa siri, barua ulizofungiwa hutazisoma tena, wewe mwenyewe mwenye barua. Na ili umwandikie mtu kwa siri, lazima yeye naye awe na ufunguo.

Nikampigia mnunuzi mmoja wa soko la madini la Musompo nimwombe ufunguo wake. Akaniuliza, “Wa depo ao wa gari?”

Tukafika, kwa jasho. Muzee akafurahi, mpaka akauliza kilichofungwa ni nini hasa. Nikamweleza: maneno ya ndani. Nani kamwandikia nani, na saa ngapi, hayo yanabaki wazi, maana bila anwani barua haifiki.

Muzee akaniangalia kwa huruma. Kolwezi hii! Mtu akijua tu kwamba fulani kamwandikia mnunuzi saa tano usiku, barua ya nini tena? Bei, tani, hata jina la dereva atayajaza mwenyewe, na kesho yake utayasikia mtaani Dilala yakiwa yameongezwa chumvi.

Mabwana wa Thunderbird, tunawaomba: hiyo kufuli iingizeni ndani ya programu ya simu kama mlivyofanya kwenye kompyuta. Na mkishaweka kitufe chake, tafadhali, mkiache hapohapo.