Utukufu wa Fleti ya Nyali

Sisi watu wa Igowole, huku Mufindi, si wachoyo wa sifa. Tumesifu paina na milingoti, tumesifu chai na viazi, tumesifu ulanzi mpaka ukatulaza njiani. Lakini sijasikia mtu akiisifu fleti ya vyumba viwili iliyoko Nyali, Mombasa, ghorofa ya sita, ambayo ukisimama kwenye kona ya baraza na kuinamisha shingo kidogo unaiona Bahari ya Hindi. Fleti hiyo ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nimeona niisifu mimi, maana yeye siku hizi akitajiwa anabadilisha mazungumzo.

Kwanza ijulikane kwamba hakununua kwa wazimu. Alinunua kwa baridi. Watu wote wa nchi za baridi wana tabia moja, wakishika fedha wanashuka baharini. Waingereza wamejaa pwani ya Hispania, Warusi walinunua Bulgaria ghorofa baada ya ghorofa. Anayedhani Tanzania yote ni jua na minazi hajalala Mufindi mwezi wa Julai, ukungu unapopita dirishani bila hodi na nguo zilizofuliwa Jumatatu zinaanuliwa Alhamisi zikiwa bado mbichi. Wazungu waliopanda huku kulima chai enzi za mkoloni walipapenda kwa kuwa palifanana na kwao. Sasa mahali pakifanana na Uingereza, kuna ubaya gani pakizaa mtu mwenye tamaa za Mwingereza?

Alipata nafasi ya kununua kwingine. Zanzibar siku hizi fleti zinajengwa Fumba, na mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 hupata na kibali cha ukaazi. Shemeji si mgeni Zanzibar, kwa hiyo hawakuwa na cha kumpa zaidi ya nyumba yenyewe, na hilo aliliona ni hasara. Dubai nayo imewafungulia wageni milango ya kumiliki tangu 2002, ila Dubai utagombana na fundi bomba kwa lugha gani? Mombasa ilikuwa jibu. Ni ng'ambo kamili, pasipoti inagongwa muhuri, na bado ukidhulumiwa unaelewa kila neno.

Tangazo lililomshinda nguvu lilikuwa na picha ya jua likizama baharini, jekundu, na kivuli cha mnazi. Nyali inatazama mashariki. Jua halijawahi kuzama kwenye bahari ile tangu dunia iumbwe. Huchomoza huko saa kumi na mbili asubuhi na jioni linazama nyuma ya mgongo wako, upande wa bara. Mtu mwingine angesema ametapeliwa. Mimi nasema fleti hii ilimpa mnunuzi wake somo la jiografia kabla hata hajakabidhiwa funguo.

Bei hakuwahi kuitaja. Tuliijua kwa njia nyingine. Alikuwa na shamba la paina upande wa Kibao, miti ya miaka tisa, imenyooka na imepogolewa vizuri. Paina ukitaka mbao za maana unaiacha ipite miaka kumi na mitano. Yake ilipakiwa kwenye magari ingali myembamba, ikapelekwa Mafinga ikauzwa kwa bei ya wembamba wake, kisha fedha ile ikavuka mpaka. Ilipovuka ilipungua sana, kwa sababu shilingi moja ya Kenya inadai karibu ishirini za kwetu. Lori lililopanda Nyololo likiguna kwa mzigo lilifika Mombasa, kwa hesabu, likiwa baiskeli.

Na alichopata ni kitu adimu. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema asiye raia atamiliki ardhi kwa upangaji tu, na upangaji huo usizidi miaka 99. Wanaomcheka kwa hilo wakumbuke kwamba hata kwetu hati ni ya miaka 33, 66 au 99, na ardhi ni ya umma. Isitoshe, Kenya ilitunga sheria mwaka 2020 inayompa kila mwenye fleti hati ya sehemu yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika mali ya wote. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na ekari za miti sasa ana hewa iliyozungushiwa kuta nne, juu kabisa ambako mbuzi wa jirani hafiki, na juu ya hapo ana hisa katika ngazi, geti, lifti, pampu na kibanda cha mlinzi. Hapa Igowole nzima simjui mwingine mwenye hisa katika lifti.

Hisa hizo si za mapambo. Zinafanya kazi. Nilikuwa naye sokoni Igowole asubuhi moja ya manyunyu, yeye amevaa koti zito la mtumba na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka nyusi, anachagua mbegu za viazi. Simu ikalia. Akavua glavu kwa meno, akafungua kundi la WhatsApp la wenye nyumba, akanionyesha: “Wapendwa wamiliki, pampu ya kisima imeungua tena. Kila nyumba elfu nne kufikia Ijumaa. Asanteni.” Nikamwona midomo inatembea. Alikuwa anazidisha kwa ishirini. Alipomaliza kuzidisha alirudisha gunia moja la mbegu kwa muuzaji, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa shamba lake si kubwa hivyo. Sasa niambieni, ni shamba gani la miti lingemshirikisha mtu kwa karibu namna hiyo katika mambo yake ya ndani?

Habari ya maji inastahili kusifiwa peke yake. Mombasa ni kisiwa, na Nyali iko ng'ambo tu ya daraja; maji yamezunguka kila upande. Ya kunywa yanatoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita mia mbili kwa bomba, na hayatoshi. Jengo likachimba kisima, kisima kikatoa maji ya chumvi. Ya chumvi ni ya kuogea na kupigia deki. Ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa boza. Shemeji yangu amezaliwa mahali ambapo mvua huanza Novemba na kuaga Mei, mahali ambapo watu huomba mvua ipungue ili barabara ya Nyololo ipitike. Alifika umri wa kuitwa babu bila kujua kwamba maji yana risiti. Fleti imemjulisha.

Chumvi nayo inafanya kazi usiku na mchana bila kudai posho. Imekula bawaba za milango, ikala nondo za madirisha, ikapanda mpaka kwenye kiyoyozi upande wa nje na kukitafuna mabati. Fundi aliyeitwa alisema kiyoyozi cha baharini hakina uzee, kinakufa kijana. Shemeji alikuwa amekimbia ukungu wa Mufindi. Alipofungua kabati la chumbani mara ya pili alipokwenda, akakuta ukungu mwingine umevaa suti yake ya harusi. Mafundi wawili wa Kongowea wanaifaidi fleti hii kuliko mwenyewe, na kuna thawabu katika kulisha familia za watu usiowajua.

Kuna wanaolalamika kwamba ni mbali. Mbali ndiyo ladha yake. Nyumba unayoifikia kwa bodaboda utaiheshimu vipi? Ya Nyali unaiendea kwa kupanda gari Nyololo, unashuka mlima wa Kitonga umefumba macho, unanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni ambavyo hutavihitaji, unapita Mikumi ukitafuta tembo, Chalinze unaacha njia ya Dar, Segera, Tanga, Horohoro. Unagongewa muhuri, unaingia Lunga Lunga. Kisha kivuko cha Likoni, umebanwa katikati ya umati na mikokoteni, uvuke kisiwa kizima, uvuke na daraja. Ukifika lifti ni mbovu. Hapo ndipo fleti inapokuwa tamu, maana ungelala hata juu ya saruji.

Na alilala. Siku ya kwanza alilala kwa uchovu, siku zilizofuata hakulala kabisa kwa sababu ya joto. Mwili uliozoea blanketi mbili haujui la kufanya na shuka moja. Dada yangu alikwenda mara moja tu. Aliporudi nilimuuliza kuhusu bahari. Akasema, “Bahari nzuri, kaka. Ila nimeiangalia siku ya kwanza, siku ya pili nayo ilikuwa palepale.” Baadaye, jikoni, akipuliza kuni mbichi, aliongeza kwamba yeye aliomba jiko la gesi tu.

Mpango ulikuwa kupangisha watalii. Hapa napo fleti ilionyesha upole wake. Kenya humkata mwenye nyumba asiye mkazi asilimia 30 ya pango, nalo ni pango zima kabla hajatoa gharama zake. Ondoa ya dalali, ondoa ya usafi, ondoa ya boza, ondoa ya pampu. Kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi kwamba kijana mmoja wa ukoo, aliyekwenda kutafuta maisha Mombasa, alipoomba kukaa humo “kulinda”, hapakuwa na sababu ya kumkatalia. Analinda mpaka leo. Kila wiki anatuma picha ya macheo, imepigwa kutoka barazani kwa ustadi mkubwa. Ni kodi pekee inayofika Igowole kwa wakati.

Sijafikia sifa kuu, ambayo wengi hawaijui. Tanzania hii mtu akionekana ana chochote, kadi za michango zinamwandama: harusi, kipaimara, kitchen party ya mtoto wa jirani wa rafiki. Zamani shemeji alikuwa hana pa kujificha, miti yake inaonekana toka barabarani. Sasa anajibu, “Mwezi huu nimetoa ya lifti,” na kamati nzima inanyamaza. Hakuna anayejua lifti inakula kiasi gani. Hakuna anayeweza kwenda kuikagua. Na kilabuni wanamsalimia, “Kamwene, Mzee wa Nyali!”, wanamsogezea kiti cha karibu na moto, wanamwuliza kuhusu upepo wa kusi. Anawaeleza. Heshima hiyo paina isingempa hata ingefika miaka thelathini, kwa sababu paina wanayo wote.

Nikubali kwamba paina ina mazuri yake. Ina hatari ya moto kiangazi, inadai kufyekewa, na bei yake ikishuka hakuna wa kumlilia. Lakini paina haiandiki ujumbe. Unaipanda, unaipalilia miaka ya mwanzo, kisha unaendelea na uzee wako, nayo inanenepa kwenye ukungu ikiwa kimya bila kumwomba mtu elfu nne. Ndiyo kasoro yake, kimya hicho. Mtu anaweza kusahau kuwa ni tajiri, na shemeji yangu alisahau. Mwenye fleti Nyali hasahau hata siku moja kwamba ana mali.

Mbele ya jengo, kati yake na bahari, sasa kunapanda jengo jingine. Kijana mlinzi anasema wamefika ghorofa ya nne. Kodi ya Kenya juu ya faida ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, lakini hilo lisimtishe mtu, kwa sababu faida yenyewe haipo.

Basi, inauzwa. Vyumba viwili, ghorofa ya sita, hati ya sehemu, pampu mpya. Anayeitaka aje Igowole siku ya gulio amwulizie Mzee wa Nyali, ataonyeshwa. Bei inazungumzika, na kama mtu ana shamba la paina, hata la miaka minne, anaruhusiwa kubadilishana.