Funza Angalau Unamwona

Kiandutu, kule Thika, jina lake linatokana na ndutu, yaani funza. Funza ana heshima zake: anawasha, unamwona, unamtoa kwa pini. Bakteria sugu kwa dawa hana adabu hiyo. Wala usidhani usugu wake huwarithisha watoto wake tu. Humgawia jirani, hata asiye wa ukoo wake. Njia zake ni hizi tano, kutoka kwa mnyonge hadi kwa jambazi.

5. Mali ya marehemu. Bakteria akifa hupasuka, DNA yake ikamwagika, na walio hai wakaiokota. Frederick Griffith aliliona jambo hili mwaka 1928: panya waliodungwa bakteria wa nimonia wasio na makali, pamoja na wakali waliokwisha kuuawa kwa joto, walikufa. Mitumba, tena bila kufuliwa.

4. Faji, virusi wa bakteria. Akihama nyumba hubeba jeni za mwenyeji kwa bahati mbaya. Wageni wa kuondoka na vijiko tunawajua. Tuendelee.

3. Transposoni, jeni ya kuhamahama. Barbara McClintock aliigundua kwenye mahindi, Nobeli ikamfikia mwaka 1983. Ndiyo, mahindi, nusu ya githeri yako. Tatizo lake ni moja: kwa kawaida haina miguu ya kutoka nje ya seli. Inasubiri gari.

2. Integroni, fundi wa kupanga rafu. Hukusanya jeni za usugu na kuzipanga foleni. Chukua Septrini: ndani yake mna dawa mbili, salfa na trimethoprimu, kwa hesabu kwamba bakteria akiiruka ya kwanza ataangukia ya pili. Basi integroni za kundi la kwanza mara nyingi hubeba jeni za kuzishinda zote mbili, zimekaa bega kwa bega. Tulitunga mtihani mgumu, mwanafunzi akaiba majibu.

1. Plasmidi. Hii ndiyo matatu yenyewe. Ni duara dogo la DNA, alilolipa jina Joshua Lederberg mwaka 1952. Bakteria wawili huungana, nakala moja ikavuka, nyingine ikabaki; nauli hakuna. Ndani humo transposoni amekaa, amempakata integroni. Homa ya matumbo sugu ya Nairobi, waliyoichunguza akina Samuel Kariuki wakiwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilipanda plasmidi ya aina ya IncHI1: usugu wa ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini na Septrini, wote safari moja.

Sasa sikiliza uhondo. IncHI1 hailipendi joto la tumbo. Kwenye nyuzi 37 inazembea; kati ya 22 na 30 ndipo inapochangamka kuhama. Kwa hivyo steji ya kubadilishana abiria iko nje: mtaro unaopita mlangoni, choo cha shimo kilichofurika mvua ya Aprili, mtungi wa lita 20 ulioachwa bila kifuniko. Mchana wa Thika hulifikia joto hilo bila jasho.

Na makanga? Ni vile vidonge vinne ulivyokatiwa kwa kemisti kwa sababu hela ya dozi nzima haikutosha. Vinawashusha wanyonge, vinamwachia mwenye plasmidi viti vyote.

Basi funika mtungi. Na mwenye kemisti akikuuliza, "Nikukatie ngapi?", mjibu: dozi nzima kwa cheti cha daktari, ama nipe Panadol niende.