Sensa ya Krismasi Huko Karungu

Krismasi, ambayo katika Kiswahili cha Wakatoliki huitwa pia Noeli, ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo, na ingawa tarehe 25 Desemba haitajwi popote katika Injili, Kanisa la Roma lilikwisha kuishika siku hiyo kufikia karne ya 4, kama inavyodhihirika katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354. Wanateolojia wakiifafanua sikukuu hii huanza na umwilisho, yaani fundisho kwamba Mungu alitwaa mwili wa binadamu. Wakazi wa Karungu, ghuba ya Ziwa Victoria iliyo upande wa Nyatike katika Kaunti ya Migori, hawana ubishi na fundisho hilo, ila wao huianza sikukuu pale pale alipoianzia Luka, kwenye sensa. Kwa mujibu wa Luka, amri ya Kaisari Augusto ndiyo iliyomtoa Yusufu Nazareti na kumpeleka Bethlehemu, mji wa ukoo wake, akaandikishwe huko pamoja na mchumba aliyekuwa mjamzito, bila chumba alichowekewa. Na mtu aliyewahi kutoka Nairobi kwenda Sori, mji wa soko ulio kando ya ghuba hiyo, usiku wa tarehe 23 Desemba, hahitaji mhubiri wa kumfasiria aya hizo.

Ili kuelewa kwa nini watu hujipa taabu hiyo kila mwaka, ni lazima kutofautisha maneno mawili ya Kijaluo, lugha ya wenyeji: ot, ambayo ni nyumba tu, mahali pa kulala na kufungia televisheni, na dala, ambayo ni boma la ukoo, lenye lango, makaburi na mpangilio wa nyumba unaojulikana hata gizani. Tofauti hiyo ilifika hadi mahakama za Kenya mwaka 1987, katika kesi mashuhuri ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, na raia wengi waliokuwa hawajawahi kuifikiria wakaifahamu kupitia magazeti. Mwenye ghorofa tatu Nairobi, basi, ana nyumba, lakini kwao ni Karungu, na Desemba ndio mwezi wa kuhesabiwa kwao. Kaisari wa sensa hii ni mama. Hana karani wala daftari, lakini tangu Septemba amekwisha kujua ni nani atakuja, nani atasingizia kazi na nani atatuma pesa badala ya uso wake, na kwa kila kichwa anachokihesabu amekwisha kumtenga kuku.

Kosa la msingi la sensa hiyo ni kwamba kuku huhesabiwa Septemba, ilhali watu huongezeka njiani. Kijana aliyetarajiwa peke yake hushuka garini na rafiki wawili wa kazini ambao hawajawahi kuliona ziwa. Shangazi aliyesema atapita tu hupita na wajukuu wanne. Kuhusu safari yenyewe hakuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa nauli hupanda kila mwaka na abiria hushangaa kila mwaka, ila mkate unastahili kutajwa. Mkate wa dukani, pamoja na sukari na majani ya chai, ni zawadi ambayo mtoto wa mjini hathubutu kuingia langoni bila hiyo, na kwa kuwa buti la basi limejaa magodoro, mkate hupakatwa. Ukifika Narok huwa bado ni mkate. Ukifika Kisii huwa umelaliwa na jirani mwenye usingizi mzito. Ukifika Sori huwa umekuwa chapati, jambo ambalo mama hulipokea kwa shukrani na bila swali lolote, kwa maana ndiyo mikate ambayo amekuwa akiipokea kwa miaka 20.

Chapati halisi ni suala jingine. Chapati, yaani mkate mwembamba wa ngano unaokaangwa kwa mafuta, ilikuja Afrika Mashariki na Wahindi, lakini katika boma la Karungu imepewa uraia wa siku moja, na nyumba isiyonukia chapati tarehe 25 hudhaniwa kuwa na msiba. Kazi ya kuzisukuma huangukia wake wa wana, na hapo ndipo mke aliyeolewa karibuni hufanyiwa mtihani ambao hakuna aliyemwambia kwamba ni mtihani: kuni ni mbichi, moshi umejaa machoni, na mama mkwe, ambaye amekaa mbali kwa heshima, anaiona kila chapati inayotoka ikiwa na umbo la ghuba pamoja na rasi zake zote. Husema tu, "Zimetoka vizuri, nyathina," yaani mwanangu, kisha huichukua ile ya duara pekee na kumpelekea mzee.

Msiba mkubwa wa siku hiyo, hata hivyo, humpata jogoo, au kwa usahihi zaidi, haumpati. Jogoo aliyetengwa tangu Septemba hana kalenda, lakini ana macho, na akiwaona watoto wamevaa viatu vipya asubuhi isiyo ya shule hutambua kwamba kuna jambo. Watoto hao, ambao nguo zao zimenunuliwa kubwa ili zifae hadi Krismasi ijayo na viatu vyao vidogo kwa sababu mnunuzi wa familia alikisia miguu kwa simu, humfukuza kuzunguka boma mara tatu, mmoja huanguka matopeni na nguo mpya, na jogoo hupanda mwembe. Hapo huchinjwa mwingine, yule mzee ambaye hakuna aliyekuwa na nia naye. Karungu ni mahali panapojulikana kwa mifupa ya kale: mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa huko na Jumba la Makumbusho la Uingereza kuchimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na mwaka huo huo spishi ya dinotheri, mnyama wa jamii ya tembo mwenye pembe zilizopinda chini, ilielezwa kisayansi kutokana na mabaki ya Karungu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 15. Mgeni anayemtafuna jogoo yule aliyechemshwa tangu asubuhi huelewa kwamba uchimbaji haukukamilika.

Kuku mmoja, aidha, hujaliwa firigisi moja, na kwa desturi firigisi ni ya mkuu wa boma au ya mgeni anayeheshimiwa. Krismasi huwakutanisha mezani mzee, mwana wa kwanza aliyelipa gharama zote na mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza, na kila mmoja wao huisogeza sahani kwa mwenzake kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka inapogunduliwa kwamba firigisi haimo. Mjukuu aliyetumwa kuipeleka sahani huulizwa, naye hujibu kwamba kuku huyo hakuwa nayo.

Kinaya cha karamu hii ni kwamba mgeni hakuja kwa ajili ya kuku. Nairobi anakula kuku wa kisasa wiki nzima. Usiku kucha basini alikuwa akiota samaki aina ya ngege aliyechemshwa, au mbuta, samaki mkubwa aliyeletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950, ambaye Watanzania humwita sangara. Lakini wenyeji humwona samaki kuwa chakula cha Jumanne, na kumwekea mgeni samaki siku ya Krismasi ni sawa na kumwambia kwamba hakutarajiwa. Kwa hiyo mwenyeji humnyima mgeni anachokitamani ili kumheshimu, na mgeni hula asichokitamani ili asimvunjie heshima mwenyeji, na kwa kuwa kila nyumba ya boma huleta sahani yake mahali wanaume walipokaa, na hakuna sahani ya mke wa mtu inayoweza kurukwa, heshima hiyo hurudiwa mara nne kabla ya saa kumi.

Makanisa nayo huongeza ugumu wa hesabu. Waadventista wa Sabato, waliofungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, ni wengi katika pwani hii, na kwao mumi, yaani kambare, haliwi kwa sababu hana magamba, na Jumamosi hakuna moto wa mapishi. Krismasi ya 2021 iliangukia Jumamosi, na katika boma lenye mama Mwadventista na wana Wakatoliki chapati zote zilipaswa kuiva Ijumaa kabla ya jua kuzama. Idadi iliyobaki hadi asubuhi haikulingana na iliyopikwa, na hakuna dhehebu lililokiri. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, huwa bado wanaimba wakati wengine wamekwisha kula, na chakula chao hufunikwa kwa sufuria zito, kwa sababu zinazoeleweka.

Lakini ni usiku unapoingia ndipo Injili ya Luka hutimia neno kwa neno. Kwa desturi ya Wajaluo, mwana wa kiume aliyebaleghe halali katika nyumba ya mama yake, na mkwe halali kamwe chini ya paa moja na mama mkwe. Hivyo nyumba kubwa yenye vyumba vitano hubaki na wazee wawili na mjukuu, huku watu wazima 11 wakigawana simba. Msomaji wa Kiswahili asishtuke: simba kwa Kijaluo ni kibanda cha kijana kilicho karibu na lango, ingawa mkwe mmoja kutoka pwani ya bahari, alipoambiwa kwamba atalala kwenye simba, aliomba arudi Migori usiku huo huo. Wakosao nafasi humo hukaa nje na kutazama ziwa, ambako taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa, hung'aa kama mji mwingine mkubwa. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwaka 2015, mwezi mpevu ulipoangukia tarehe 25 yenyewe, mji huo haukuwaka, na wavuvi walikuwa nyumbani wakigombea mikeka kama wengine.

Tarehe 27 watu huanza kurudi, wakiwa na mifuko ya omena waliokauka, ambao harufu yao humfanya kondakta adai nauli ya abiria wa ziada. Mama, ambaye amekwisha kumsamehe kila aliyechelewa, huwa amemkamata jogoo wa mwembe alfajiri akiwa usingizini, akamfunga miguu na kumtia kikapuni, zawadi ya yule mgeni aliyekula sahani nne bila kulalamika. Basi likifika Narok saa nane za usiku, abiria wote wakiwa wamelala, jogoo huwika.