Peke Yangu Hadi Baraka

Kusafiri peke yako kando ya Ziwa Tanganyika ni jambo linalohitaji watu wengi. Kwanza anahitajika mwenye gari. Kisha anahitajika wa kukaa kushoto, maana magari yetu mengi hapa Uvira yameshushwa bandari ya Dar es Salaam na usukani uko kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia. Dereva aliyeketi kule ukingoni, akiwa nyuma ya Fuso iliyosheheni mihogo, haoni kitu isipokuwa mgongo wa Fuso. Lazima awepo mtu kushoto wa kuchungulia na kusema "pita" au "ngoja". Kwa hiyo gari lenyewe lilikwisha kuikataa safari ya mtu mmoja kabla hata mama mkubwa hajapata habari.

Wazo lilitoka kwa binamu yangu aliyeko Italia. Alituma picha za Toscana: barabara ya lami inapinda katikati ya mizabibu, kigari kidogo kando, yeye na miwani ya jua, wala hakuna mtu mwingine hata kwenye picha moja. (Nani aliyempiga, sikuuliza.) Alisema anazunguka vijijini, anasimama anapotaka, anakula, analala. Nikasema hata sisi tuna barabara. Nationale 5 inatoka Uvira hadi Baraka, kilomita kama 90, milima ya Mitumba huku, ziwa kule, tena ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Wakati huo njia ilikuwa imetulia kidogo. Nikachukua daftari nikapanga: kutoka asubuhi bila haraka, kusoma kitabu chini ya mwembe Swima, kula samaki wa mukeke wa kuchoma Mboko, kulala Baraka. Penye abiria nikaandika jina langu.

Baba mdogo, mwenye gari, aliusoma ule mpango, akaugeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akaniuliza:

"Kuna kilio Baraka?"

"Hapana, baba mdogo."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi uko na deni hapa Uvira. Sema, ni kiasi gani?"

Gari alinipa, pamoja na kijana wake wa kulilinda dhidi yangu. Mama mkubwa akatoka Kasenga na godoro la binti yake aliyejifungua Baraka, na godoro likaja likifuatana na mama mkubwa. Mchungaji wa mtaani alisikia kuna nafasi, akashukuru Mungu kabla ya kuniomba mimi. Palikuwa pia na jogoo aliyefungwa miguu, ambaye hakuna aliyekubali kuwa ni wake mpaka tulipofika.

Nilijifariji kwa historia. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapa Uvira Aprili 1858 wakitafuta mdomo wa Rusizi, wajue kama mto huo unaingia ziwani au unatoka. Wapiga makasia wao wakagoma kuendelea, Burton akarudi bila kuuona. Ilibidi kungoja Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokuja na mtumbwi wao kutoka Ujiji wakathibitisha kwamba unaingia. Nao hawakuja wawili tu: walikuwa na wapiga makasia, waongozaji njia na mpishi. Desturi ya abiria kuamua safari ya mwenye safari ni ya zamani kwenye maji haya.

Mafuta tulichukua kwa Kadhafi, yaani muuzaji wa mafuta ya chupa, pale barabarani. Dola yangu ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, mdogo kama ukope, naye akaikataa kwa huruma ya daktari. Mchungaji alilipa kwa franka, na tangu hapo akawa na sauti katika mambo ya kusimama na kuondoka.

Tulipopita Kalundu niligundua jambo ambalo daftari halikuliona. Ukielekea kusini, ziwa liko kushoto. Kushoto alikaa mama mkubwa. Maji yote yale, mitumbwi, milima ya Burundi ng'ambo, vilikuwa vyake. Mimi nilipata mawe ya Mitumba na vumbi. Kazi ya kuchungulia aliipokea kwa moyo, lakini aliifanya kwa imani, si kwa macho. Tukiifikia Fuso, alifumba macho, akasema "pita", kisha akaanza kusali. Kijana wa baba mdogo, nyuma, alikuwa akipiga kelele "ngoja!" Nilifuata kelele.

Kwenye kamba ya kwanza ya kizuizi, kijana mwenye kofia aliinama dirishani.

"Mission gani?"

"Hakuna mission, chef. Niko natembea tu."

"Unatembea kufanya nini?"

"Kuangalia ziwa."

Alinitazama kwa muda. "Uvira hakuna ziwa?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Mtu asiye na kilio, mgonjwa wala biashara, katika njia yetu, ni mtu wa kutiliwa shaka. Mama mkubwa alimwinulia godoro: "Tunaenda kuona mtoto mchanga." Kamba ikashuka hapo hapo.

Swima hatukusimama, mchungaji alisema mwembe upo hata Baraka. Mboko tulisimama, na mukeke ulikuwa mzuri kweli, mnono, umechomwa kwa pilipili na ndimu. Nilipewa mkia, kwa hoja kwamba dereva akishiba husinzia. Baraka nililala chumba kimoja na watoto watatu na jogoo, ambaye sasa alikuwa amepata mwenyewe, yaani mimi. Kurudi tulikuwa sita na bidoni za mawese.

Nilipofika nyumbani, jirani aliniambia kwamba siku zote nilizokuwa safarini hakuna aliyebisha hodi kwangu: si mdai, si mkopaji, si mtu wa mchango wa harusi. Basi wewe unayetaka utulivu wa Toscana hapa Uvira, waambie watu wote kwamba umekwenda Baraka, zima simu, kisha ufunge mlango ulale.