Namna ya Kuleta Amani Tarime Bila Kumuuliza Mtu

Kwanza, uwe umeteuliwa. Mkuu wa Wilaya hapigiwi kura na ukoo wa Wanchari wala wa Wairege, na hapo ndipo raha ilipo: kamati ya usalama anaiongoza yeye, gari analo, wa kumhoji hana. Koo mbili zikianza kurushiana mishale kwa ajili ya mpaka wa mashamba, usikimbilie kwa wazee. Kimbilia kipaza sauti.

Kisha itungwe sheria ndogo. Sheria Namba 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo huo, iwe Tarime au Serengeti, mradi wananchi watangaziwe rasimu, naye Waziri aridhie. Tangazo libandike ofisini, nyuma ya mlango. Asipotokea wa kupinga, umma umeridhia. Kijiji nacho kikitunga yake, mkutano mkuu utoe maoni, madiwani waidhinishe. Ridhaa, kama unavyoona, hupanda tu. Bado hajaonekana Waziri akija Nyamwaga, Tarime, kuiomba.

Wazanzibari wasikuchanganye. Katiba yao ya 1984, kifungu cha 132, inataka sheria ya Muungano ipelekwe kwanza mbele ya Baraza la Wawakilishi. Hata Serikali ya Umoja wa Kitaifa waliipigia kura ya maoni, tarehe 31 Julai 2010. Watu wasiojua kuamua wenyewe.

Kazi iko kwa ritongo, baraza la Wakurya. Wanaume wa ukoo hukaa wakabishana mpaka jua lichwe, na wakishakubaliana kwamba ng'ombe wa wizi arudi, anarudi. Muhuri hawana. Mkaidi hutengwa: shambani hasaidiwi, kwake hakuna anayekanyaga. Nyuma yao wako inchama, wazee wa siri, ambao muhtasari wa vikao vyao hutauona kamwe. Wape wazee posho na viti vya mbele, uwasainishe mkataba wa amani uliochapwa jana ofisini. Watasaini, hawana neno na kalamu. (Wanawake, ambao nyumba zikichomwa ndio hubeba watoto na kukimbia, ritongo haliwaiti. Nawe usiwaite. Hapo serikali na mila huelewana ajabu.)

Limebaki jambo dogo: Wairege na Wanyabasi, ukoo mwingine, wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya. Ng'ombe akivushwa usiku kuingia Kuria Mashariki, sheria ndogo yako imeishia hapo. Kule ni kaunti ya Migori, yenye bunge lake tangu 2013. Wazee wa pande hizo wanaweza kukutana kesho bila pasipoti, ng'ombe akarudi kabla hujawaita waandishi wa habari. Usiruhusu.